Maisha rahisi sawa, ila ndoo anabeba nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua nimeandika ndefu, kata unapotaka ila pale kwenye habari ya ndoo naomba usipaguse.

Kuna makala mlitoa juu ya watu wanaoacha kazi mjini wanaenda kuishi shamba, maisha rahisi, maisha endelevu, kula unacholima na mambo kama hayo. Picha ilikuwa ya jamaa mmoja kavaa kofia ya ukili kashika fungu la mchicha anacheka. Nimeiangalia ile picha mpaka mke wangu akaniuliza kuna nini. Nikamwambia huyu jamaa ni mimi wa miaka mitatu nyuma, hata kofia nilikuwa nayo, saa hizi kuku anatagia humo. Na swali lililonijia wala halikuwa la mbegu anazotumia, nilijiuliza tu huo mchicha kamwagilia nani.

Mi nimekaa Dar miaka kumi na tisa, ya mwisho tulikuwa Tabata, mhasibu kwenye kampuni moja ya mizigo. Mtu wa kawaida kabisa, gari dogo la IST la mkopo, friji la milango miwili, tivi kubwa ambayo tulikuwa tunaiwasha halafu kila mtu anainamia simu yake. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili niwahi foleni ya Buguruni, narudi watoto wamelala. Mshahara ukiingia tarehe 25, ikifika tarehe 2 umeshakwisha, hapo ndo unaanza kuzunguka na ile mikopo ya kausha damu, na aliyeipa jina hilo hakukosea. Siku moja natafuta kopo la kubebea chakula nikajikuta nahesabu makopo ya plastiki kabatini, thelathini na moja, mifuniko iliyopo minne. Sijui kwa nini ile hesabu iliniuma kuliko madeni, labda ni uhasibu, lakini niliketi pale chini jikoni kama dakika kumi nayatazama.

Halafu ikaja Oktoba 2022, Mto Ruvu ukapungua maji na Dar ikaingia kwenye mgao. Niko kwenye foleni ya maji na madumu yangu saa tisa usiku, mzee mmoja wa mtaani kwetu akawa anaongea tu kupitisha muda, anasema haya maji bwana yanatoka milima ya Uluguru kule, na kule watu wanakata miti wanachoma mkaa, na mkaa wenyewe tunaununua sisi. Nimerudi nyumbani nikatazama kile kiroba cha mkaa kilichokaa nyuma ya mlango, muuzaji alishaniambia unatoka Morogoro tena kwa kujisifu kwamba ni mzito hauishi haraka. Nikasoma soma kwenye simu usiku ule, nikakuta kwamba kwa haya matanuru yetu ya udongo kilo moja ya mkaa inameza kilo sita mpaka kumi za kuni. Yaani nilikuwa nauchoma mlima unaoninywesha ili maharage yaive. Sikulala, asubuhi nikaamua tuhame, tufuate maji yanakotoka.

Hapo naomba niseme vizuri, niliamua mimi. Mama Zawadi hakukataa wala hakukubali, alisema "haya", na ile haya mwanaume mwenye akili huwa anaisikia vizuri inasema nini, mi sikuisikia. Yeye ni fundi cherehani, wateja wake wote walikuwa Tabata, hilo nalo sikuliweka kwenye hesabu.

Februari 2023 tukahamia Bigwa, chini ya Uluguru, pembeni ya mji wa Morogoro, barabara ile ya kwenda Kisaki. IST nimeuza, deni nimelipa, na hapo kwa kweli sijuti hata kidogo. Tivi nikauza, friji nikauza, mashine ya kufulia nikauza, mtungi wa gesi nikampa shemeji. Nikachana karatasi ya kaunta buku nikaandika sheria nane za nyumba nikazibandika ukutani kwa misumari. Gesi haitatumika maana inakuja na meli kutoka nje. Chakula kitapikwa kwa kuni za miti iliyokauka yenyewe. Maji yatachotwa kwa kiasi. Nguo zitafuliwa kwa mkono. Mboga hazitanunuliwa. Nyingine zimenitoka kichwani ila ya nane naikumbuka, nimeiandika kwa herufi kubwa, HAKUNA KULALAMIKA.

Sasa wewe mhariri ni mtu wa lugha, hebu zisome tena. Haitatumika, kitapikwa, yatachotwa, zitafuliwa, zote za kutendwa. Mtendaji hayupo hata mmoja. Mi mwenyewe nilikaa na karatasi ile miezi mitatu inanitazama na sikuona.

Mtendaji alikuwepo bwana. Nyumba ile haikuwa na bomba, tulikuwa tunachota kwa jirani kama mita mia tatu hivi, kwenda ni mteremko kurudi ni kilima. Familia ya watu watano ukijibana kabisa ni ndoo sita kwa siku, ndoo ya lita 20 ni kilo 20, piga hesabu mwenyewe. Mimi nilikuwa nabeba Jumamosi, na nilikuwa napiga picha natuma kwenye grupu la wafanyakazi wenzangu wa zamani wananiandikia hongera kaka, umetoboa. Siku zilizobaki alikuwa anabeba mama Zawadi na Zawadi mwenyewe kabla hajaenda shule. Moshi wa kuni walikuwa wanavuta wao. Jinzi za watoto, wale wavulana wawili wanacheza mpira kwenye udongo mwekundu wa huku, walikuwa wanasugua wao. Mimi nilikuwa nalima, sikatai, nililima sana, lakini jembe likinichosha nakaa chini ya mwembe naangalia video za kilimo hai.

Mwezi wa tano jioni moja, masika bado, njia yote utelezi, mama Zawadi kaingia na ndoo kichwani, tope mpaka magotini. Hakuitua jikoni. Kaja nayo mpaka sebuleni kaitua mbele ya kiti changu, taratibu kabisa, maji hayakumwagika. Akasema baba Zawadi, inyanyue. Nikainyanyua. Akasema iweke kichwani. Nikadhani ni utani nikaiweka, watoto wanatazama. Akasema haya, irudishe ilikotoka.

Nikaenda. Naapa nilienda, kwenye utelezi ule, nimeshika ndoo kwa mikono miwili shingo imekakamaa kama ya roboti, viatu vimeganda tope, nikafika pale bombani nikaimwaga maana sikujua nifanye nini kingine, kina mama waliokuwa pale wakaacha kuongea wakanitazama hakuna aliyecheka, ingekuwa afadhali wangecheka. Nikarudi na ndoo tupu. Akaniambia, "Hiyo ni moja, na ulikuwa unashuka."

Usiku ndo akaongea yote. Sitayaandika, ila moja alisema huo mzigo unaosema umeutua mjini hujautua, umenihamishia mimi. Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Kuna bibi jirani yetu, Mluguru, kwao ni Matombo kule mbele, miaka themanini na ushee. Huyu bibi tangu siku ya kwanza alikuwa hatuelewi. Aliniuliza, mjukuu wangu, mjini mlikuwa na bomba ndani ya nyumba? Nikasema ndio. Mkaliacha mkaja kuchota huku? Nikaanza kumweleza mambo ya mazingira, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema hayo nayajua, hayo yaliletwa na Mzungu nikiwa mtoto. Akanisimulia habari za ngazi. Serikali ya kikoloni miaka ile ya hamsini ililazimisha Waluguru kuchimba makingamaji kama ngazi milimani ili udongo usimomonyoke na mto usijae mchanga, ukiangalia kwenye karatasi wala si jambo baya, mto wenyewe ndo huo Ruvu. Lakini kwenye mteremko mkali ukichimba ngazi udongo mweusi wenye rutuba unafukiwa chini, unabaki kupanda kwenye ule mwekundu wa chini ambao hauzai, na kazi yenyewe siku nzima bila malipo, usipotokea faini. Bibi anasema kwao aliyekuwa anachimba ni mama yake, baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko Kilosa. Mwaka 1955 watu wakagoma, wakajaa barabarani, Matombo pakawaka, na ule mpango ukafa. Zipo ngazi chache hadi leo, bibi anasema walizichimba wenyewe baadaye kwa hiari mahali panapofaa, sehemu za mboga ambapo faida inaonekana.

Nilitembea kurudi nyumbani nikaenda moja kwa moja kusoma ile karatasi ukutani. Wale waliandika kwa Kiingereza mi nimeandika kwa Kiswahili, tofauti ndo hiyo tu. Nikaing'oa, mama Zawadi kaichukua kawashia jiko.

Na huyo bibi, maana watu wa mjini tukimwona tunasema ona, huyu ndo anaishi maisha endelevu. Kanga zake tatu, masufuria mawili, redio ya betri, hatupi kitu, kopo la dawa ya mbu amelifanya kibatari, kandambili imeshonwa kwa waya. Kweli kabisa mzigo wake duniani ni mwepesi kuliko wa sisi wote. Lakini muulize anataka nini, atakwambia bomba na taa, basi. Hajawahi kuchagua huo urahisi, na hakuna mwandishi aliyewahi kuja kumpiga picha na mchicha wake, mchicha ambao ni mzuri kuliko wangu.

Sasa msije mkadhani tulirudi Dar. Tupo. Tulichofanya tuligawana kazi upya, maji na kufua yakawa yangu, shamba likawa la wote. Na hapa kuna jambo la aibu. Miezi mitatu watu wangu wamebeba maji sikuwahi kufikiria paa la nyumba. Nilipobeba mwenyewe wiki mbili tu, akili ya gata, ile mifereji ya kukinga maji ya paa, ikanijia kama ndoto. Hesabu ni rahisi mno, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa letu ni kama mita hamsini za mraba, kwa hiyo ikinyesha milimita 20, ambayo huku kwenye masika ni mvua ya kawaida ya mchana mmoja, ni lita elfu moja. Ndoo hamsini! Zilikuwa zinamwagika uani siku zote zile na sisi tunateleza nazo pembeni kwenda bombani. Nikauza mbuzi wawili na ile laptopu ya zamani tukanunua simtanki la lita 2,000, fundi akafunga gata. Mvua za kwanza baada ya kiangazi unaziachia zipite maana bati lina vumbi na vinyesi vya ndege, nyavu juu ya mdomo wa tanki, na ya kunywa tunachemsha. Agosti na Septemba linakauka, hapo nabeba ndoo. Mimi.

Kuni nazo tumeacha. Ndio, aliyepiga marufuku gesi kwa sheria za misumari leo anapikia umeme. Kilichonibadilisha ni maharage. Kwa kuni tulikuwa tunatumia saa mbili na nusu mpaka tatu, mtu kakaa kwenye moshi anachochea. Tukanunua preshakuka ya umeme, maharage yaliyolowekwa usiku hayamalizi saa moja, na umeme unaokula haufiki yuniti moja, na yuniti haifiki shilingi 400. Linganisha mwenyewe na kisado cha mkaa. Najua serikali ina mkakati wake wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, wanataka asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe, na Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limeanza kuzalisha 2024, megawati 2,115 likifanya kazi lote. Sawa, vizuri. Ila jirani yangu bibi hana hata nguzo karibu, na sufuria lenyewe la presha ni hela ambayo wengi huku hawajawahi kuishika kwa mkupuo, kwa hiyo msinielewe vibaya sisemi watu wanapikia kuni kwa ujinga. Mjinga aliyekuwa na gesi akaigawa ni mimi.

Tena tuna kikapu cha kuivishia chakula. Hiki nakisifia kwa moyo wote. Ni tenga la kawaida, ndani tumepanga vipande vya godoro bovu, mama Zawadi kayashonea kanga kuukuu na mto wa kufunika juu. Unachemsha maharage yako yaliyolowekwa kwenye moto wa nguvu robo saa, kwa yale mekundu hiyo robo saa usiibe maana yana sumu yake isiyokufa kwa moto wa uvuguvugu, halafu sufuria na mfuniko wake unaliingiza kwenye kikapu likiwa bado linatokota, unafunika, unaenda zako. Baada ya saa nne tano yameiva, unayapasha yachemke tena ndo unaunga. Mara ya kwanza wale wavulana walikuwa wanafunua kila baada ya dakika kumi kuangalia kama kuna uchawi, joto likaisha, usiku tukala maharage yanagonga meno. Sasa hivi tukikiweka tunaweka na kitabu cha hesabu juu yake, hakuna anayegusa.

Na mashine ya kufulia imerudi. Ya mtumba, ile ya matenki mawili, inatia kelele kama trekta. Marafiki wa mjini wakija wanaitazama wananiambia kaka si ulisema maisha rahisi. Nawaambia ndo hayo.

Kwa upande wa hela nisiwadanganye. Shamba la robo eka halilishi watu watano na kulipa ada, linatupa mboga, matembele hayaishi, mchicha wiki tatu nne unavuna, mayai yapo, mihogo fuko anakula nusu na sisi nusu. Mboji naitengeneza, majani makavu, mabichi, samadi ya mbuzi wa jirani, ukichomeka fimbo katikati ukaichomoa baada ya muda ikiwa ya moto unajua iko hai, na hiyo raha ya kushika fimbo ya moto asubuhi yenye ukungu siwezi kumweleza mtu aliyeko kwenye foleni ya Buguruni. Lakini siku tatu kwa wiki nashuka mjini nafanya vitabu vya maduka mawili matatu, na anayeingiza hela kuliko mimi ni mama Zawadi. Treni ya umeme ilipoanza Juni 2024 kati ya Dar na Morogoro, nauli yake 13,000, yeye ndo aliiona kabla yetu sote. Anaondoka asubuhi, Kariakoo ananunua vitambaa, anapita Tabata anachukua vipimo kwa wateja wake wa zamani, jioni yuko nyumbani. Siku hizo napika mimi, watoto hawasemi kitu ila naona wanavyotazamana.

Kwa hiyo mhariri, mwandishi wako akienda tena kumpiga mtu picha na mchicha, sina tatizo, mchicha ni mzuri. Ila amuombe aone jikoni. Amuulize mke bila mume kuwepo, au huyo dada wa kazi kama yupo, maana wengine niliowaona huku wanaoishi kiasili wana dada wa kazi wa miaka kumi na saba anayeishi kiasili kwa niaba yao kwa mshahara ambao nikiuandika utanionea aibu. Aulize maji yanatoka wapi na saa ngapi. Akifika Bigwa aje kwetu, tutampikia kwenye kikapu, awahi tu maana kinachukua mpaka saa tano kuivisha.

Barua hii kaisoma mama Zawadi kabla sijaituma. Hajabadilisha kitu ila kasema zile ndoo hazikuwa sita zilikuwa saba, ya saba ilikuwa ya kuoshea viatu vyangu vya shamba. Naomba urekebishe hapo juu.

Msomaji wako,
Baba Zawadi,
Bigwa, Morogoro